Udongo wa Magoti

3 Februari

Mdogo wangu Bi Kioo,

Salamu nyingi. Simu yako ulisema imeanguka ikafa, na mpaka leo fundi wa huko bado anaitazama tu. Huyo ni fundi au ni mtalii? Basi nimeamua kukuandikia kama watu wa zamani. Barua hii nampa dereva wa basi la asubuhi, yule mwenye sauti ya kikohozi, aiache hapo saluni kwenu.

Nimechoka. Naanza na hilo lisije likapotea katikati ya salamu. Mama miguu haimbebi tena, kwa hiyo namtoa kitandani kwa mikono yangu, namweka kitini, namtoa kitini nampeleka kuoga, namrudisha. Mwilini hajapungua hata kidogo, na nafurahi hajapungua, ila mgongo wangu haufurahi. Kumbukumbu nazo zinakuja na kuondoka. Kuna siku ananijua vizuri na kunigombeza kwa jina langu la utotoni. Siku nyingine ananiuliza huyu fundi cherehani anaondoka saa ngapi, maana kelele za mashine zimemchosha. Namwambia anamalizia sare za shule, ataondoka. Kisha naendelea kushona.

Wanawake wa mtaa bado wanakuja kuulizia udongo wake. Wa uso, wa vipele vya joto, wa viungo. Mama hakumbuki tena vipimo, kwa hiyo nachimba mimi, nakausha mimi, nachekecha mimi, naye anakaa pembeni akiniambia nafanya vibaya.

Sasa jambo lenyewe. Kile kivimbe cha kitovuni nilichokuambia ni cha gesi, si gesi. Ni ngiri. Inatokana na kunyanyua. Mwanzoni nilijitibu kwa dawa ya nyumbani: nilijikandika udongo tumbo zima nikakaa dirishani ukauke, nimetulia kama ukuta unaosubiri rangi. Ulipokauka nikaubandua, ngiri nikaikuta palepale inanitazama. Daktari alipoona mabaki kitovuni aliniuliza kama nimetoka kufyatua matofali. Kisha akaacha utani. Akasema nipasuliwe, na baada ya hapo nisinyanyue kitu kizito kwa muda mrefu. Nikicheleweshwa utumbo unaweza kubanwa humo, na hapo hadithi ni nyingine.

Mama ndiye kitu kizito, mdogo wangu. Shangazi mwenyewe ni mzee, hakuna mwingine wa kumnyanyua. Wewe na mimi ndio tuliobaki.

Njoo unipokee. Wanipasue, nilale, nipone, kisha urudi zako kwenye vioo vyako. Sikuombi kingine.

Dada yako


12 Februari

Dada mpendwa,

Barua yako nimeipata, na nimeisoma mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri. Pole sana. Pole na mgongo, pole na Mama, pole na hiyo ngiri.

Nakuja, Dada. Siyo kwamba siji. Ila sasa hivi ni msimu wa arusi, maharusi wamepanga foleni mpaka nje. Mimi ndiye ninayechanganya krimu hapa, na mwenye saluni hamwamini mwingine. Kila anayeingia anataka uso ung'ae kabla ya Jumamosi. Nikiondoka sasa nitakuta kiti changu kinakaliwa na mtu mwingine. Nipe muda kidogo msimu upite.

Simu bado iko kwa fundi. Anasema kioo chake hakipatikani.

Huku jua ni kali siku hizi, nashinda ndani. Nakula vizuri, nalala vizuri, usiwe na wasiwasi na mimi.

Nina ombi dogo. Ninaishi chumba kimoja na mama mmoja, mpishi wa shule. Anasimama jikoni tangu asubuhi mpaka jioni, na magoti yanamsumbua sana. Nikamwambia sifa za udongo wa Mama, sasa ananikumbusha kila siku. Unaweza kunitumia mfuko mmoja? Najua uliapa kwamba udongo wa Mama hautaingia saluni ukachanganywa na madawa yetu, na sikulaumu, kwa hiyo sikuombi wa uso. Ni wa magoti tu, ya huyu mama. Mpe dereva huyohuyo.

Msalimie Mama. Anaendelea kuniulizia?

Wako,
Bi Kioo


20 Februari

Bi Kioo,

Mfuko huu hapa. Uliobaki wa zamani ulikuwa umepata unyevu, kwa hiyo nimekuchimbia mpya. Unapajua pale nyuma ya nyumba, penye ukingo wa mtaro, udongo mweupe unapoanzia chini ya ule mwekundu. Siku hizi nachimba mkono mmoja ukiwa na jembe na mwingine umeshika tumbo. Jirani alinikuta katika hali hiyo akaniuliza kama natafuta mali ya marehemu.

Nimekausha juu ya bati, nimetwanga, nimechekecha mara mbili. Kwa sababu ni mpishi, na najua kusimama jikoni kulivyo, nimeufanya mkali kidogo kuliko kawaida. Huyo mama atalala usingizi wa mtoto. Namna ya kupaka sikufundishi, umekulia humu ndani. Mwambie tu asiuache mpaka ukakauka wote.

Sasa niseme langu. Nilikuomba jambo moja, ukanijibu habari za maharusi. Zamu yangu ya kupasuliwa ilifika, nikaenda nikasema sina wa kumwachia mgonjwa, wakampa mtu mwingine. Nesi alinitazama kama mtu anayerudisha chakula jikoni.

Dereva naye ameniambia alipokuletea barua ulitoka mlango wa nyuma, umejitanda mtandio mpaka puani, ukaipokea bila hata kumsalimia vizuri. Akadhani una mafua. Mimi sikudhani mafua. Nilidhani umefika mahali ambapo mtu wa kwenu akikuona unajificha asije akakuomba kitu. Kama nimekosea nisamehe. Kama sijakosea, basi ujue kwamba sikuja kukuomba kitu cha anasa, nimekuomba mikono yako miwili.

Umeuliza kama Mama anakuulizia. Anakuulizia.

Dada yako


2 Machi

Kwa Dada wa Bi Kioo,

Hunijui. Mimi ndiye yule mpishi wa shule, tunalala chumba kimoja na mdogo wako. Hajui kama nakuandikia. Akijua atakasirika, na akasirike.

Kwanza kabisa, magoti yangu ni mazima. Nakushukuru kwa kuyafikiria, lakini hayajawahi kuniuma hata siku moja. Nilishangaa kusikia nina magoti mabovu huko kwenu.

Udongo uliomtumia ameupaka usoni.

Ilikuwa Jumapili mchana, mimi nafua pale uani. Alikuwa amevuta pazia amejifungia upande wake. Nikasikia yowe, nikadhani jiko limelipuka. Nikaingia mbio na mikono ina povu, nikamkuta amepiga magoti sakafuni, anajikwangua mashavu kwa kanga. Tukammwagia maji, ndoo nzima na nyingine. Baadaye maziwa, maana jirani alisema maziwa. Mmetia nini ndani ya udongo ule? Nilipofungua mfuko siku ulipofika nilipiga chafya mpaka watu wa chumba cha pili wakagonga ukuta. Yeye akacheka, akasema udongo wa kwao una nguvu.

Nilimpeleka zahanati mwenyewe. Amevimba, jicho moja lilikuwa halifunguki, sasa linafunguka. Ngozi ya mashavu imetoka. Tabibu alisema ngozi nzima isingeungua hivyo, ila hii ilikuwa imeshaliwa tangu zamani.

Hapo ndipo kuna habari ambayo naona huijui. Zile krimu alizokuwa akichanganya pale saluni, za kung'arisha, alikuwa akizijaribu usoni kwake kwanza, kila mara, kwa sababu wateja walikuwa wanataka kuona mfano. Mwaka wa kwanza aling'aa kweli. Halafu mashavu yakaanza kuwa mekundu kama yameiva, na chini ya macho pakatoka mabaka meusi. Akaongeza krimu kuficha mabaka, mabaka yakaongezeka. Mwenye saluni akamwondoa mbele, akamweka chumba cha nyuma kufua taulo. Ana muda mrefu sasa huko nyuma. Maharusi wanaingia na kutoka, yeye hawaoni.

Simu yake ni nzima. Iko chini ya godoro. Alisema dada yake anapenda kupiga zile za kuonana uso.

Mimi si ndugu yenu, lakini nimekaa naye, na ni mtu mwema. Ananikanda mgongo nikirudi kazini bila mimi kumwomba. Ila kwa sasa halii, hali chakula, amelala ameelekea ukutani. Ndiyo maana nimeandika.

Mpishi


7 Machi

Mdogo wangu,

Mwenzako ameniandikia. Usimgombeze. Kama huna cha kumshukuru, basi mwache.

Ni pilipili. Udongo wa magoti una pilipili kichaa na chumvi, ndiyo inayopasha viungo moto. Wa uso unachujwa kwa kitambaa na maji matupu, hautiwi kitu. Kwetu hapa hata paka anajua, ukitoka mfuko wa magoti anahama chumba. Nilidhani na wewe unajua. Lakini nimekaa nikakumbuka, na kweli, siku za kutwanga wewe ulikuwa hukai karibu na kinu. Mama alikuwa anakufukuza usivute vumbi, mtoto wake mzuri, na mimi nabaki natwanga machozi yakinitoka. Ulikuwa unauona udongo unatoka shimo moja, ukadhani ni udongo mmoja. Nani angekwambia vingine?

Ningeandika neno moja tu kwenye barua ile, pilipili, yasingetokea haya. Sikuandika kwa sababu nilidhani namjua ninayemwandikia.

Nina hasira na sijui niipeleke wapi. Nilikuchimbia nikiwa nimeshika tumbo. Niliongeza ukali kwa upendo, kwa ajili ya magoti ya mtu ambaye magoti yake ni mazima! Siku nzima ya jana nilikuwa nashona na kushonoa, nashona na kushonoa, mwishowe nikazima mashine. Mama akasema afadhali, yule fundi ameondoka.

Nikwambie ukweli, nilikuwa nimeanza kukuchukia. Nilikuona umekaa kwenye kiti cha kuzunguka unakunywa soda, unasema msimu wa arusi, msimu wa arusi. Na wewe uko chumba cha nyuma unafua taulo. Kwa nini hukuniambia? Ningekucheka kidogo, sikatai, wewe unanijua. Halafu ningekutumia wa uso, uliochujwa vizuri, na huenda usingesaidia kitu, kama usivyosaidia ngiri, lakini usingekuunguza.

Sasa nisikilize. Usipake chochote. Si udongo, si krimu, si asali, si ushauri wa jirani. Fanya alivyosema tabibu mpaka ngozi ifunge. Kisha panda basi uje na uso huohuo ulio nao.

Dada yako


15 Machi

Dada,

Jicho limepona. Upande wa kulia umefunga, wa kushoto bado unatoa maji. Mpishi ananilisha supu kwa kijiko kana kwamba niliungua mikono.

Hujui ulivyonipunguzia mzigo kwa kujua. Na bado siwezi kuja.

Wewe ulikuwa kwenye kinu, kwa hiyo huenda hukuyaona haya vizuri. Mimi nilikuwa pale mbele na wateja. Kila mwanamke aliyekuja kununua udongo, Mama aliniita. Alinishika kidevu akanigeuzia kwenye mwanga, akasema, tazama hii, hii haijawahi kuona dawa ya dukani, ni udongo na maji tu. Wanawake walinigusa mashavu. Nilikuwa mdogo, nilipenda. Nilipokuwa mkubwa nilichoka, lakini bado nilisimama. Uso wangu ndio ulikuwa bango la Mama, Dada. Ndio uliotulisha, wewe ukitwanga na mimi nikitazamwa.

Ndiyo maana nilidanganya magoti. Ningekuomba wa uso ungeniuliza ni wa nani, na mimi nikianza kudanganya juu ya uso wangu nisingemaliza. Nilitaka nijitibu kimyakimya, nipone, nije nikiwa yule yule. Nilikuwa na hakika kabisa kwamba udongo wa Mama utanirudisha. Kazi yangu yote nimeifanya kwa madawa, lakini mambo yaliponiharibikia sikufikiria dawa nyingine, nilifikiria shimo la nyuma ya nyumba.

Sasa nikiingia mlangoni, Mama anione hivi? Siku hiyo aamke akiwa na kumbukumbu zake zote, anione hivi? Wewe unaweza kunicheka, nitavumilia. Yeye hatacheka.

Mwombe jirani akushike mkono kwa muda, tafadhali. Mimi naona aibu hata kuandika sentensi hii, lakini nimeiandika.

Mdogo wako


24 Machi

Mdogo wangu,

Jana nilimdondosha Mama.

Tulikuwa tunatoka kuoga. Nilikuwa nimemshika kwapani kama kawaida, ikanichoma pale kitovuni, mikono ikaachia yenyewe. Sikuamua kuachia. Ameangukia ubavu, na mimi nikaangukia juu yake. Tulilala pale kwenye maji ya sabuni, siwezi kuinuka, yeye hawezi kuinuka. Aliniuliza kwa upole kabisa, sasa tunafanyaje? Nikamwambia tunapumzika.

Jirani alitukuta alipokuja kuulizia udongo wa vipele. Mama hakuvunjika, ila damu imemvilia tangu begani mpaka kiunoni. Kivimbe changu kimekuwa kigumu, kinarudi ndani kwa shida. Daktari amesema nipasuliwe wiki hii, la sivyo yeye hatawajibika tena.

Sikwambii uje. Nimekwambia vya kutosha. Nakueleza tu jinsi nyumba ilivyo.

Dada yako


16 Aprili

Mdogo wangu,

Nakuandikia kutoka wodini. Kesho wananiruhusu, lakini Shangazi amekataa katakata nirudi nyumbani moja kwa moja. Anasema nitakaa kwake mpaka nyuzi zikauke, maana nikikaa karibu na Mama nitamnyanyua tu, ananijua. Nimekubali. Sina nguvu za kubishana na Shangazi, hata nikiwa mzima sina.

Wamenishona vizuri. Mshono wenyewe ningeufanya mimi ungekuwa umenyooka zaidi, lakini sikusema.

Nimelala, mdogo wangu. Siku za kwanza nilidhani ni dawa ya usingizi, nesi akasema dawa iliisha zamani, ni mimi mwenyewe. Naamka, nasikiliza kama Mama ananiita, naona dari siyo yetu, nalala tena.

Kuna jambo sikukuambia siku ile uliyofika, baada ya barua yangu ya Mama kuanguka. Ulisimama mlangoni ukashusha mtandio, ukanitazama, ukingoja. Nikakupokea begi, nikaenda kuweka chai. Usije ukadhani sikuona. Niliona. Kama ningefungua mdomo ningelia, na daktari alikuwa amenikataza kulia, eti tumbo linavutika. Nikaona heri chai. Asubuhi yake nikaondoka.

Nieleze habari za huko. Anakula? Unamnyanyuaje? Piga magoti kidogo, tumia miguu, usitumie kiuno. Akikataa kuoga mwambie maji yatapoa, hapendi kitu kipotee bure. Na amekwambia nini alipokuona?

Dada yako


23 Aprili

Dada,

Anakula. Namnyanyua kwa miguu kama ulivyosema, na nimeelewa sasa ulikuwa unaniandikia ukiwa na mzigo gani. Siku ya pili nilikaa chini bafuni baada ya kumrudisha kitandani, nikashindwa kuinuka, na mimi sina ngiri. Sijui uliwezaje na cherehani juu yake. Kaa kwa Shangazi. Usirudi kwa kunihurumia, rudi ukipona.

Umeuliza alisema nini aliponiona. Siku za kwanza hakunijua. Alinitazama nikipita, kama mtu anayetazama mgeni wa jirani. Alidhani mimi ni mtu uliyemwajiri. Aliniita wewe binti, akaniambia mwenye nyumba hapendi milango ikipigwa. Nilijiandaa kwa kila kitu, Dada. Nilijiandaa agutuke, alie, anigombeze. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa, na sitakuficha, nililia jikoni nikiwa nimefungua bomba asisikie. Halafu usiku huo nililala vizuri, na nikaona aibu kwa kulala vizuri.

Juzi asubuhi nilikuwa namvalisha soksi. Akanishika kidevu. Akanigeuzia dirishani, unajua vile, kidole gumba hapa na viwili chini. Nikasema moyoni, sasa amenijua.

Akasema, binti, nani amekuharibu hivi?

Nikamwambia ni krimu.

Akasema, mama yako yupo?

Nikamwambia yupo.

Akasema, yupo, na akakuacha ufike hapa?

Nikaendelea na soksi. Akaniagiza nilete sinia, maji na udongo. Nikaleta. Akauonja kwa ncha ya ulimi, akautema, akasema siyo huu, huu ni wa magoti, unataka kujiua? Lete ule uliochujwa. Nikaenda nikaleta ule uliochujwa. Vipimo ulivyosema hakumbuki, alivikumbuka. Alinikagua uso mzima kama kuna palipo wazi, akaniuliza panapouma, akapaka kwa vidole viwili kuanzia tayani kwenda juu. Mikono yake ni baridi siku hizi. Akawa anaongea peke yake huku anapaka. Akasema, ninaye binti mdogo, yuko mbali, ngozi yake haijawahi kuona dawa ya dukani. Akija nitakuonyesha, na wewe utapona uwe kama yeye.

Hapo machozi yakanitoka, udongo ukaanza kuteremka. Akanigombeza sana, Dada. Akasema naharibu kazi, akafuta, akaanza upya upande ule.

Sikumwambia. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia, na nikaona tukianza hapo mmoja wetu atapoteza kitu. Yeye ana binti mzuri anayemngoja, na mimi nina mama anayenipaka udongo. Hautanirudishia uso, najua, tabibu ameshaniambia ni wapi utarudi na ni wapi hauwezi kurudi. Niliketi tu chini ya mikono yake mpaka udongo ukakauka.

Aliponiosha alinitazama muda mrefu. Akasema, haujakaa sawa bado, kesho uje tena.

Nikamwambia nitakuja.

Mdogo wako